Mgeni Aliyepewa Jembe

Wahenga wetu walisema ya kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Marekani yuko mgeni ambaye jembe alipewa siku ya kwanza, kwa kuwa aliitwa kwa ajili ya jembe. Ni mhandisi, au daktari, au mtaalamu wa kompyuta, na viza aliyo nayo huitwa H-1B. Hufanya kazi kama wenyeji na kulipa kodi kama wenyeji. Walakini akiuliza ni lini atapata ukaazi wa kudumu, huambiwa angoje. Wako wasemao kwamba mgeni huyu hana haki ya kunung'unika, maana muda wake huongezwa kila unapokwisha. Nawapinga watu hao. Kuongezewa muda ni jambo moja, kujibiwa ni jambo jingine. Na sheria inayotoa la kwanza miaka nenda miaka rudi badala ya la pili haistahili kuitwa rehema.

Yafaa kwanza tuitendee haki sheria yenyewe. Viza hii hutolewa kwa miaka 3, nayo huongezwa hata ikatimia miaka 6. Siku ambazo mgeni alikuwa nje ya Marekani hazihesabiwi katika miaka hiyo; akizithibitisha, hurudishiwa. Tena sheria ya mwaka 2000 ilifungua milango miwili. Wa kwanza ni wa yule ambaye siku 365 zimepita tangu kupelekwa kwa ombi la kuthibitisha kazi yake, au ombi la mwajiri la kumtaka awe mkaazi: yeye huongezewa mwaka mmoja mmoja. Wa pili ni wa yule ambaye ombi la mwajiri wake limekwisha kubaliwa, lakini zamu ya nchi yake haijafika: yeye aweza kuongezewa miaka 3, na mitatu mingine, mpaka zamu ifike. Na ombi la nyongeza likipelekwa kabla ya muda wa zamani kwisha, mgeni huruhusiwa kuendelea na kazi kwa mwajiri yule yule hata siku 240 akisubiri jibu. Mwenye kuhusika na aijue milango hii, maana wengi hupotewa na haki zao kwa kutoijua.

Lakini ufunguo wa milango hii u mkononi mwa nani? U mkononi mwa mwajiri. Mgeni hawezi kujiombea nyongeza. Mwajiri ndiye aombaye. Kazi ikikatika, mgeni hupewa muda usiozidi siku 60 kutafuta mwajiri mwingine, au kubadili viza, au kufunga mizigo. Ni kweli ya kuwa sheria humruhusu kuhamia kwa mwajiri mwingine, na ombi likiisha kukubaliwa, nafasi yake katika foleni kwa kawaida haipotei. Hata hivyo mwajiri mpya kwa kawaida hana budi kuanza upya kuithibitisha kazi na kupeleka ombi. Mtu aliye katika hali hii hudhulumiwa akanyamaza, hunyimwa cheo akashukuru, kwa sababu ugomvi wa siku moja waweza kumharibia subira ya miaka 10.

Na foleni hii imekuwa ndefu kwa sababu gani? Sheria ya mwaka 1990 iliweka nafasi 140,000 kwa mwaka kwa wanaopata ukaazi kwa njia ya kazi, wake, waume na watoto wao wakiwamo. Na kwa kawaida nchi moja haipati zaidi ya asilimia 7. India, yenye watu zaidi ya bilioni 1, imewekewa kipimo kile kile cha nchi yenye watu wachache kuliko mji wake mmoja. Tena hesabu hii haifuati uraia, bali mahali pa kuzaliwa. Hapa jambo hili lagusa pwani yetu. Tuchukue mfano wa ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, raia wa Kenya wote wawili. Mkubwa alizaliwa Gujarat kabla wazazi hawajahamia Mombasa. Mdogo alizaliwa Mombasa. Wakasoma shule moja, wakapata shahada moja, wakaajiriwa Marekani mwaka mmoja. Mdogo huhesabiwa wa Kenya, na zamu yake haikawii sana. Mkubwa huhesabiwa wa India, na asipokuwa na mke aliyezaliwa kwingine, aweza kungoja zaidi ya miaka 10. Kosa lake ni nini? Ni kitanda alichozaliwa juu yake.

Wala adhabu haimwishii yeye. Mtoto aliyeletwa akiwa mchanga, akitimiza miaka 21, huacha kuhesabiwa mtoto. Sheria ya mwaka 2002 humpunguzia umri kidogo, lakini kidogo hicho hakilingani na urefu wa foleni. Basi baba huongezewa muda, na mwana hutakiwa atafute viza yake mwenyewe au aondoke katika nchi pekee anayoijua.

Watetezi husema ya kuwa kipimo cha nchi huzuia taifa moja lisijaze nafasi zote. Hoja hii ingekuwa na uzito kama ingetumika mlangoni. Lakini viza ya H-1B haina kipimo cha nchi: siku ya kuitwa kazini mtu haulizwi alizaliwa wapi. Swali hilo huulizwa baada ya mavuno.

Dawa ni mbili. Kwanza, kipimo cha mahali pa kuzaliwa kiondolewe katika foleni ya wafanyakazi, na aliyetangulia kuomba atangulie kupata. Pili, ambaye ombi lake limekwisha kubaliwa awe na haki ya kujiombea nyongeza mwenyewe. Najua ya kuwa dawa ya kwanza, nafasi zisipoongezwa, itaturefushia ngojangoja sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki, na wanafunzi wangu watakaokwenda huko watanilaumu. Na wanilaumu. Upesi wa zamu yetu kwa sehemu umetokana na kucheleweshwa kwa wenzetu, na mtu anayedai haki pale tu isipomgharimu kitu hajaanza kuidai.