Taa ya Chumbe na Kosa la Kutegemea Setilaiti Pekee

Pendekezo la Walinzi wa Pwani wa Marekani la mwaka 2025, la kuondoa maboya yapatayo 350 kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo kwa hoja kwamba vyombo vya kielektroniki vimechukua nafasi yake, ni la hatari, na litakuwa la hatari zaidi iwapo fikra hiyo itapokewa Afrika Mashariki na kuelekezwa kwenye mnara kama ule wa kisiwa cha Chumbe, uliojengwa mwaka 1904 kuongoza meli zinazoingia Unguja kutoka kusini.

Ni kweli kwamba kutunza mnara kuna gharama, na kwamba GPS, yaani mfumo unaoonyesha mahali chombo kilipo kwa mawimbi ya redio kutoka kwenye setilaiti, hutoa vipimo sahihi kuliko jicho.

Lakini mawimbi hayo husafiri takriban kilomita 20,000, hufika yakiwa dhaifu mno, na mtambo mdogo wa redio unaweza kuyaziba au kuyaghushi, hata meli ikaonyeshwa mahali isipokuwepo. Tena ramani ya kielektroniki, kifaa kinachoitambulisha meli kwa nyingine, na mara nyingi hata saa ya chomboni, vyote huteka maji kisima kimoja, hivyo kisima kikichafuka hakuna kifaa kinachoweza kukisahihisha kingine. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah, katika Bahari ya Shamu, na wachambuzi wa safari za meli wakaihusisha ajali hiyo na kuvurugwa kwa GPS. Mnara hautegemei kisima hicho: umejengwa mahali palipopimwa, na taa yake ina mpangilio wake wa kumulika, ulioandikwa kwenye ramani za baharini, ambao humwezesha nahodha kuitambua na kugundua kwamba skrini yake inamdanganya.

Kumwondolea nahodha shahidi huyo, kwa sababu tu shahidi mwingine husema upesi zaidi, ni uzembe, na kuupamba kwa jina la maendeleo hakuupunguzi. Manahodha wa majahazi na wavuvi wa ngalawa, ambao wengi wao hawana skrini yoyote, hata hawatajwi katika hesabu hizo za gharama. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ujulikanao kama SOLAS, unazitaka serikali ziweke alama za kuongozea vyombo kwa kadiri ya wingi wa safari na ukubwa wa hatari, na mkondo wa Unguja, unaopitwa na boti za abiria kila siku, una vyote viwili.