Simu ya Saa Nane Usiku

Kwenye kipindi mlicheka niliposema nilizima mlio wa simu nikiwa zamu. Haya, niwaambie ilivyokuwa.

Usiku ule programu ya kuchunga mtandao iliniamsha mara kumi na moja. Kila nikiangalia, ruta iko sawa: imeyumba sekunde chache, imerudi. Wazee wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nikalala. Alfajiri mtandao ukakatika kweli, na mama naye alikuwa ananipigia: bibi kalazwa Mombasa. Vyote viwili vikanipita.

Bibi alipona, alhamdulillahi. Mimi nikakaa chini na mipangilio.

Sisi tunatumia Nagios. Humo, ukaguzi wa kwanza ukifeli, hali inaitwa laini. Bado hakuna ujumbe. Ukifeli mara ulizoweka ndiyo inakuwa hali ngumu, simu inalia. Yetu ilikuwa 1! Nikaweka 3, irudie kukagua kila dakika 1. Kwa hiyo kitu kikizimika kweli, najua dakika 2 hivi baada ya ukaguzi wa kwanza kufeli. Kuyumba kwa sekunde hakuniamshi tena.

Pia nikagawa saa. Printa ikikwama saa nane usiku, ingoje asubuhi. Ruta kuu, niamshe muda wowote.

Namba ya mama nayo nimeiruhusu ilie hata simu ikiwa kimya. Wewe je, nani anaweza kukuamsha? Tuandikie, tutasoma kipindi kijacho.