BARAZA LA NYUMBANI: Mke Aliyevuka Mpaka, na Shauri la Wakili

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo katika nyumba za hapa Nkende hunong'onwa kuliko kusemwa. Mama mmoja wa kanisa letu alitujia baada ya sala ya jioni, akafungua kitambaa chake, akatoa karatasi. Alizaliwa upande wa Kenya, akaolewa huku kwa ng'ombe, kisha ndoa ikafungwa kanisani. Amezaa huku, amelima huku, na wajukuu anao. Kitambulisho cha taifa hana. Mtu mmoja amemwambia ya kuwa kwa fedha kidogo atamwandikia kiapo kwamba alizaliwa Tarime, na mambo yatakwisha. Karatasi ile ndiyo kiapo chenyewe. Palibaki mahali pa dole gumba tu. Akatuuliza, "Mwalimu, nitie dole, ama niende kwa wakili? Nasikia mawakili hula ng'ombe mzima."

Tulimwambia asitie dole. Kusema uongo ili kupata uraia ni kosa la jinai, na aliyemwandikia hatakuwapo siku ya kuulizwa.

Sisi Wakuria twaujua mpaka huu kwa namna yetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, wala hawakuuliza ukoo upi walala wapi. Wairege wako huku na huku, Wanyabasi kadhalika, na harusi zavuka kama zilivyovuka zamani. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba ng'ombe wakiisha kuhesabiwa, mke amekuwa mtu wa huku kwa kila jambo. Mbele ya iritongo ni kweli; mbele ya Serikali sivyo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humpa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia, walakini yasema aombe wakati mumewe yu hai. Neno hili twaomba kila nyumba ilishike, maana mume wa mama huyu ni mzee, na tangu masika hatoki nyumbani. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kugawiwa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Mjane asiye raia, akipata shemeji mwenye tamaa, atasimama juu ya nini?

Je, ni lazima wakili? Si kila mara. Aendaye mazishini Isebania na kurudi hahitaji wakili. Apite Sirari, agongewe hati yake. Mke mwenye cheti cha ndoa, ambaye majina yake yalingana katika karatasi zote, na mume aweza kufuatana naye, aende mwenyewe ofisi ya Uhamiaji akaulize fomu. Lakini majina yakipishana, au ndoa ikiwa ya ng'ombe tu isiyo na cheti, au mtu akiwa amekwisha kutia dole katika uongo, au ameitwa kuhojiwa, hapo asiende peke yake. Vivyo hivyo binti aliyeletwa kutoka ng'ambo awe mke wa nyumba ntobu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yajua mume na mke tu, naye hana mume wa kuandikwa katika fomu. (Juu ya desturi yenyewe tumekwisha kusema mara nyingi, leo twasema juu ya binti.)

Wako wanaosema ya kuwa Mkristo amtafutaye wakili amepungukiwa na imani. Hatukubali. Boazi hakumtwaa Ruthu Mmoabu kwa siri, bali aliketi kwanza langoni pamoja na wazee kumi. Naye Paulo aliutaja uraia wake kabla ya kiboko cha kwanza, si baada yake.

Basi afikaye kwa wakili ataulizwa mengi, mengine ya kuona haya: uliingia mwaka gani, kwa njia gani, umepata kupiga kura wapi. Aseme kweli yote na kutoa karatasi zote, hata ile ya aibu, kwa kuwa sheria humkataza wakili kuzitangaza siri za mteja wake. Aulize bei kabla ya kazi: ni ya ushauri tu, ama ya shauri zima, na ada ya Serikali imo ama haimo? Akitoa fedha apewe stakabadhi. Wakili wa kweli jina lake limo katika orodha ya mawakili ya Mahakama Kuu; siku hizi hutazamwa hata katika simu, na kijana wa sekondari aweza kukusaidia. Akikuahidi ushindi, ondoka, maana neno la mwisho juu ya uraia ni la Waziri, wala halazimiki kutoa sababu.

Wakili mwema ataitaja na hasara. Tanzania haimkubali mtu mzima mwenye uraia wa nchi mbili, ingawa Kenya imekubali tangu Katiba ya mwaka 2010. Mama huyu atauacha uraia wa kwao. Kama baba yake alimwachia fungu la shamba, aulize kwanza litakuwaje, maana Kenya nayo humpa asiye raia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99.

Asiye na fedha asikate tamaa. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wako wasaidizi wa kisheria wasiotoza maskini malipo. Hawasimami mahakamani kama wakili, lakini huzisoma karatasi na kumwelekeza mtu.

Mama yetu aliikunja karatasi ile, akatuachia sisi tuitunze. Mumewe amesema atakwenda naye Jumatatu, ingawa miguu yake imevimba. Wanawe wamekwisha kutafuta pikipiki mbili.