Mombasa kwa gari?

Ndugu mwandishi, ratiba yako ya kuizunguka Mombasa kwa gari siku moja itampa Mtanzania barabara nyingi kuliko mji. Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, imepakana na Mji wa Kale, na vichochoro vyake vilijengwa kabla ya magari. Humo gari ni mzigo tu. Kwenye kivuko cha Likoni nako, anayetembea kwa miguu huvuka bure wakati gari linalipa na kupanga foleni. Joto je, na wazee? Hoja ya haki, ila tuktuk zipo tele. Sisi wa Mikese twalijua hili: magari ya Dar na Morogoro hutupita kutwa, abiria wasitujue. Tuandikie ratiba ya miguu.