Sweta la shule lililotaka kutula ada

Mzazi mwenzangu, kama gari la familia yako ni haibridi, leo ukifungua mlango wa nyuma angalia karibu na kiti wanachokalia watoto. Katika Prius na Aqua nyingi utaona tundu lenye wavu. Wanangu walilifanya pa kusukumia makombo ya biskuti, na mwezi uliopita sweta la shule lilikaa juu yake wiki nzima.

Asubuhi moja, tukielekea shule, taa ya onyo ikawaka. Fundi wa kwanza akasema betri imekufa, ninunue nyingine. Bei yake ilikuwa sawa na ada ya muhula. Fundi wa pili aliliondoa sweta, akafungua feni, akatoa vumbi na makombo. Taa haijawaka tena.

Sababu ni hii. Ukikanyaga breki, mota hugeuka jenereta, na nguvu ambayo ingepotea kama joto huingia kwenye betri. Ukiondoka, umeme huo husaidia kulisukuma gari. Kwenye foleni jambo hilo hurudiwa tena na tena, na betri hupata joto. Tundu lile ndiyo pua yake.

Betri ni kama dumu: linabeba maji mengi, lakini mdomo wake ni mwembamba. Kapasita ni kama beseni: unamimina yote kwa mkupuo na kumwaga kwa mkupuo, ila halibebi mengi. Mwaka 2012 Toyota waliitumia kapasita kwenye gari lao la mbio za Le Mans, na Mazda wakaiweka kwenye magari ya kawaida ili umeme wa breki uendeshe redio na kiyoyozi. Sisi wengi bado tuna dumu, basi tulitunze.

Usiweke mkoba, nguo wala mto juu ya tundu. Gari likishinda juani, fungua madirisha kwanza joto litoke. Kila ukipeleka gari matengenezo, omba feni ya betri isafishwe. Ukiambiwa betri imekufa, omba ipimwe kabla hujalipa. Na waya za rangi ya chungwa asiziguse mtoto wala fundi asiyesomea: betri ya Prius hufika volti 200.

Kwangu, kifungua mimba wangu ndiye mkaguzi wa tundu. Bila yeye kusema "safi", hatuondoki.