Je, Mkristo Asisome Tenzi?

Katika vijiji vyetu twasikia neno hili: nyumba ya Mkristo yatosha kuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo, tenzi za pwani ni za Waislamu, zisiingie mlangoni. Wasemao hivi wana nia njema, lakini wamekosa, na hasara yawaangukia watoto.

Twawauliza: Paulo Mtume aliposimama Areopago, aliwatajia watu wa Athene maneno ya nani? Someni Matendo ya Mitume, sura ya 17. Aliwatajia maneno ya washairi wao, watu wasiomjua Kristo. Alilichukua lililo kweli akalitumia, wala hakutiwa unajisi.

Sasa tuvitaje vitabu vyenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858, hali ni mgonjwa, ili amwachie binti yake wosia. Mna dua za dini yake, na mna maneno juu ya mke na mume ambayo hatulazimiki kuyapokea yote; lakini mna adabu, na uaminifu, na ulimi mwema. Ni mama gani wa Kikristo asiyetaka hayo kwa binti yake?

Katika Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir auonya moyo wake mwenyewe, akiuonyesha magofu ya majumba ya matajiri wa Pate. Apendaye kitabu cha Mhubiri ataufahamu upesi.

Tena yuko Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yaliokolewa na nani? Ni mmisionari, W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Ikiwa mmisionari hakuyaogopa, sisi twaogopa nini?

Na Mathias Mnyampala, Mkristo wa Ugogo, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Kipimo kile cha mistari 4 kwa ubeti, na mizani 8 kwa mstari, alikipata wapi? Ni urithi wa watungaji wale wale mnaowafungia mlango. Kama wazee wake wangalimkataza, tungaliikosa Injili katika utenzi.

Wengine husema, Kiamu ni kigumu. Ni kweli; basi someni beti nne tu kila jioni, kwa sauti, na neno lisilojulikana aulizwe ajuaye. Hata Zaburi hatukuzifahamu siku moja.

Hatusemi tenzi zikae mahali pa Biblia, hasha. Twasema kwamba mtoto asiyesikia Kiswahili kizuri nyumbani, kesho atasimama kanisani na kweli moyoni, asipate maneno ya kuitolea. Asiwepo mzazi wa kumnyima maneno hayo kwa jina la Kristo.