UCHAMBUZI: Kunasa matangazo ya intaneti nyumbani ni akiba, kuyauza ni wizi

MALI bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Ndivyo yalivyo matangazo ya redio yanayopeperushwa moja kwa moja kupitia intaneti. Humfikia msikilizaji na kutoweka papo hapo, isipokuwa pale mtu anapoyanasa kwenye tarakilishi yake.

Hatari ya kuwaachia wenye vituo kazi yote ya kuhifadhi ilidhihirika Machi 2025. Rais wa Marekani Donald Trump alitia saini amri ya kulipunguza shirika linalosimamia Sauti ya Amerika (VOA), na siku iliyofuata wafanyakazi zaidi ya 1,300 wa idhaa hiyo wakapewa likizo ya lazima. Redio iliyoanza kutangaza mwaka 1942 ikakatizwa ghafla.

Historia nayo ina funzo. Katika miaka ya 1960 na 1970, Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) lilifuta kanda nyingi ili kuzitumia upya. Picha za vipindi kadhaa vya tamthilia ya Doctor Who zilipotea, ila sauti zake zimesalia kwa sababu watazamaji walizirekodi majumbani mwao.

Leo kazi hiyo ni nyepesi. Programu ya Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, hupatikana bila malipo na huweza kurekodi sauti inayochezwa na tarakilishi. Kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde, saa nzima ya matangazo huchukua takriban megabaiti 58 pekee.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua matumizi ya haki kwa minajili ya kibinafsi. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kurekodi kipindi cha runinga nyumbani ili kukitazama baadaye si kukiuka hakimiliki.

Hata hivyo, ruhusa hiyo ina mipaka. Anayevunja kufuli za kidijitali, au anayenasa muziki kisha kuuza nakala mitaani, anamnyang'anya msanii jasho lake na hana pa kujitetea.

Vituo vya redio vina wajibu wa kutunza kumbukumbu za matangazo yao. Visipoutimiza, huenda vizazi vijavyo vikalazimika kuitafuta historia ya taifa katika tarakilishi za wasikilizaji.